Kutambua protini zinazounda kirusi cha wadudu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale. Jeli inayotenga protini kwa ukubwa imeonyesha bendi kumi na tano, je, zote ni za kirusi? Spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake, imerudisha orodha ya protini mia tatu, zichukuliwe zipi? Mbona protini iliyokadiriwa kuwa na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 58 imekaa kwenye 64? Mwongozo huu unakupitisha kazi nzima, kuanzia kiwavi aliyekufa hadi orodha unayoweza kuitetea mbele ya mtu anayeijua kazi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Mashine za siku hizi zinaweza kutaja karibu kila protini iliyomo kwenye mrija: ya kirusi, ya misuli ya kiwavi, ya bakteria wa utumbo wake, hata ya ngozi ya kidole chako. Haziwezi kukuambia ipi ni sehemu ya mwili wa kirusi na ipi imejibandika tu njiani. Hilo linaamuliwa na usafishaji na ulinganisho, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Mfano nitakaoutumia ni bakulovirusi, hasa kile kiitwacho AcMNPV, kilichopewa jina kutokana na nondo Autographa californica. Jenomu yake ni DNA ya duara yenye jozi za besi zipatazo 134,000 na jeni zipatazo 150. Mfuatano wake ulichapishwa mwaka 1994, na protini zake zimechunguzwa kuliko za kirusi kingine chochote cha kundi hilo. Nakushauri ujifunzie kwenye kirusi kinachojulikana kabla ya kugusa kigeni, kwa sababu hapo utajua mara moja umeteleza wapi.

Nadharia, kwa kiasi cha kukuwezesha kuanza

Bakulovirusi hutoka kwa sura mbili. Ya kwanza ni virusi vinavyochipua kwenye utando wa seli na kusambaza maambukizi ndani ya mwili wa mdudu. Hivi huitwa BV. Ya pili ni virusi vilivyofungiwa ndani ya fuwele za protini ziitwazo polihedra, ambazo hubaki kwenye majani na udongo zikisubiri kuliwa na kiwavi mwingine. Hivi huitwa ODV. Nyukleokapsidi, yaani kifurushi cha DNA na kapsidi (ganda la protini) yake, zinafanana kwa sehemu kubwa. Utando wa nje ndio unaotofautiana sana. GP64, kwa mfano, ni protini ya utando wa BV, wakati P74 na wenzake wa kundi la PIF wako kwenye utando wa ODV na ndio wanaoruhusu kirusi kuingia kwenye seli za utumbo.

Fuwele yenyewe imejengwa kwa poliedrini, protini ya asidi amino 245 yenye kilodaltoni 29 hivi. Ni nyingi kupita kiasi, na itakusumbua hadi mwisho wa kazi usipoiondoa mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viwavi walioambukizwa, na viwavi wa umri uleule ambao hawakuambukizwa. Kundi hili la pili si la hiari.
- Sentrifuji ya kawaida, na ultrasentrifuji yenye rota ya ndoo za kuning'inia inayofika 100,000 g au zaidi (150,000 g kama utafanya hatua ya 8); g ni kipimo cha nguvu ya mzunguko.
- Sukrosi safi, Tris, SDS, EDTA, kaboneti ya sodiamu, chumvi, gliseroli, sabuni ya NP-40 na vizuia-protiasi (protiasi ni vimeng'enya vinavyokata protini).
- Vifaa vya jeli ya SDS, rangi ya Coomassie na lada ya protini (mchanganyiko wa protini za uzito unaojulikana).
- DTT, iodoasetamidi, tripsini ya daraja la spektrometa, asetonitrili, asidi ya fomiki na bikaboneti ya amonia.
- Nafasi kwenye hadubini ya elektroni, na maabara itakayopokea peptidi zako (vipande vifupi vya protini) kwa spektrometa ya masi. Zungumza na mwendeshaji wa mashine kabla hujaanza, ujue anataka sampuli ya namna gani na ya kiasi gani.
- Faili la mfuatano wa protini zote zinazotabiriwa za kirusi chako, na la mdudu wako au jamaa yake wa karibu.

Kuhusu usalama: bakulovirusi havizaliani ndani ya wanyama wenye uti wa mgongo, kwa hiyo hatari kwako si kirusi bali kemikali. Akrilamidi ya kutengenezea jeli, ikiwa haijaganda, ni sumu ya neva, iodoasetamidi ni sumu, na urani inayotumika kupaka sampuli za hadubini ni sumu na ina mionzi kidogo. Hatari ya kirusi ni kwa viwavi wako wazima. Wafuge chumba kingine, wahudumie kwanza kabla ya kugusa walioambukizwa, na futa meza kwa hipokloraiti ya sodiamu.

Hatua za kazi

1. Amua unachunguza sura ipi ya kirusi. BV hupatikana kwenye maji ya seli zilizokuzwa, kama Sf9. Huvunwa kabla seli hazijaanza kupasuka, husafishwa taka kwa 1,000 g, kisha hushushwa kupitia mto (tabaka zito la chini) wa sukrosi ya asilimia 25 kwa 80,000 g hivi. ODV hupatikana kwenye polihedra. Hatua zinazofuata ni za ODV. Usichanganye orodha mbili na kuziita "protini za kirusi" bila kusema ni za sura ipi.

2. Vuna viwavi kwa wakati wake. Wachukue wanapokuwa wanakufa au wamekufa punde tu, wakiwa bado wana umbo. Kirusi hiki kina jeni za kitinasi na kathepsini zinazoyeyusha mwili wa kiwavi, na aliyekwisha kuyeyuka amejaa bakteria na vimeng'enya vinavyokata protini. Wagandishe kwenye nyuzijoto -20 (nyuzijoto zote humu ni za Selsiasi). Gandisha na wale wasioambukizwa. Kuanzia hapa, kila utakachowafanyia hawa, wafanyie na wale, kwa ujazo uleule na muda uleule.

3. Toa polihedra. Saga viwavi kwenye SDS ya asilimia 0.1 hadi 0.5. Polihedra huvumilia sabuni hii, ilhali virusi vya BV na utando wa seli huvunjika, na hiyo ndiyo faida tunayoitafuta. Chuja kwa kitambaa cha matundu madogo mara mbili au tatu mpaka vipande vya ngozi na miguu viishe. Zungusha kwa kasi ndogo sana, 100 g kwa dakika chache, utupe taka nzito iliyotua chini. Kisha zungusha kwa 3,000 g kwa dakika 15. Sasa mashapo ndiyo mali yako. Rudia kuosha kwa SDS, halafu kwa maji safi ili sabuni isibaki.

Tazama mashapo yale kwa makini. Mara nyingi yana matabaka: chini jeupe lililoshikana, juu la kijivu au kahawia linalotikisika. Jeupe ni polihedra. La juu ni taka, na ukilimwagia maji taratibu pembeni mwa mrija litaondoka lenyewe. Dakika tano za uangalifu hapa zinakuokoa siku nzima mbele.

Baada ya hapo pitisha polihedra kwenye gradienti ya sukrosi (myeyusho unaozidi kuwa mzito kutoka juu kwenda chini) ya asilimia 40 hadi 65, saa moja, 100,000 g, nyuzijoto 4. Vuta bendi nyeupe nene, punguza sukrosi kwa maji, zishushe tena. Weka tone kwenye hadubini ya kawaida: unatakiwa kuona chembe zinazong'aa za umbo linalofanana, bila uchafu wa maumbo mbalimbali katikati yake.

4. Zima protiasi zilizojificha. Wengi huiruka hatua hii. Polihedra zilizotoka kwenye viwavi hubeba vimeng'enya vinavyoamka kwenye mazingira ya alikali, na hatua inayofuata ni ya alikali. Usipovizima, vitakata protini zako wakati huohuo unapoyeyusha fuwele. P74 ni mojawapo ya zinazokatwa. Pasha polihedra kwenye nyuzijoto 70 hadi 80 kwa dakika 30, zipoze, kisha weka vizuia-protiasi kwenye bafa zote zinazofuata. Polihedra zilizotoka kwenye seli za maabara hazina tatizo hili.

5. Yeyusha fuwele. Tengeneza bafa ya kaboneti ya sodiamu 0.1 M, chumvi 0.17 M na EDTA 0.01 M, pH 10.9. Pima pH siku hiyohiyo. Bafa iliyokaa hushuka, kwa kuwa hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani. Changanya na polihedra, weka nyuzijoto 37. Simama uangalie. Kimiminika kilichokuwa cheupe kama maziwa kitaanza kupoteza weupe, kitapitisha mwanga, na kubaki na usamawati hafifu. Kwa kawaida dakika 10 hadi 30 zinatosha. Kikishabadilika tu, rudisha pH chini mara moja kwa Tris-HCl ya pH 7.5.

Tahadhari: usiache alikali ikaendelea "kwa uhakika zaidi". Alikali ileile inayoyeyusha fuwele huanza kuvunja utando wa ODV, na utando ukishavunjika hutaweza tena kujua kilichokuwa nje na kilichokuwa ndani.

Zungusha kwa 1,000 g kwa dakika 5 uondoe polihedra ambazo hazikuyeyuka.

6. Tenga ODV kwenye gradienti. Mimina taratibu juu ya gradienti ya sukrosi ya asilimia 25 hadi 60, zungusha kwa 100,000 g kwa saa moja na nusu, nyuzijoto 4. Sawazisha uzito wa mirija kwa mizani, si kwa macho.

Ukitoa mirija, zima taa na umulike kwa tochi ndogo kutoka juu. Kama kirusi chako ni cha aina ya M, ambayo utando mmoja hufunika nyukleokapsidi kadhaa, utaona bendi nyingi zilizopangana, nyeupe zenye usamawati, kila moja chini ya mwenzake: ya juu ina nyukleokapsidi moja kwa kila utando, zinazofuata zina mbili, tatu na kuendelea. Kirusi cha aina ya S huonyesha bendi moja. Poliedrini iliyoyeyuka hubaki juu kabisa, karibu na ulipomimina. Mrija wa viwavi wasioambukizwa usiwe na bendi hizo; hata hivyo vuta kimiminika kutoka kina kilekile na ukitunze, kwa kuwa ndicho kitakachokusaidia kwenye hatua ya 11.

Vuta bendi kwa sindano au pipeti, ukikusanya sehemu ndogondogo zenye namba kuanzia juu hadi chini. Usichukue bendi pekee na kutupa zilizobaki. Punguza sukrosi kwa bafa, shusha virusi kwa 100,000 g kwa saa moja.

7. Hakikisha kwa hadubini ya elektroni. Tone moja, rangi ya asetati ya urani ya asilimia 2, basi. Unatafuta fimbo zenye upana wa nanomita 30 hadi 60 na urefu wa nanomita 250 hadi 300, zikiwa ndani ya utando mzima. Ukiona fimbo uchi nyingi, utando umevunjika kwenye hatua ya 5. Ukiona vipande vya utando vitupu au mikia ya bakteria, rudia gradienti. Usiende kwenye spektrometa ukiwa na sampuli ambayo hujaiona kwa macho.

8. Tenga utando na nyukleokapsidi. Si lazima, lakini faida yake ni kubwa. Weka virusi kwenye NP-40 ya asilimia 1 pamoja na Tris 10 mM ya pH 8.5 kwa dakika 30 kwenye joto la chumba. Mimina juu ya mto wa gliseroli ya asilimia 30 na uzungushe kwa 150,000 g kwa saa moja, nyuzijoto 4. Mashapo ni nyukleokapsidi. Kimiminika cha juu kina protini za utando. Zifanye zitue kwa asetoni baridi uzikusanye. VP39, protini kuu ya kapsidi, inatakiwa iwe kwenye mashapo. P74 na ODV-E66 zinatakiwa ziwe juu. Zikionekana pande zote mbili kwa wingi sawa, utengano haukufanikiwa, na usiutumie kudai lolote.

9. Endesha jeli. Pima protini kwa Bradford au BCA, weka mikrogramu 10 hadi 20 kwa kila kisima. Tumia jeli ya asilimia 12, au ya 4 hadi 20 kama unataka kuona ndogo na kubwa pamoja. Chemsha sampuli na bafa yenye DTT kwenye nyuzijoto 95 kwa dakika 5 hadi 10, kwelikweli zichemke: protini za PIF hushikamana kwenye kundi gumu lisiloachana kwa joto la kinyongenyonge, na ukizembea hapa litabaki limekaa juu ya jeli kama protini moja kubwa usiyoijua.

Panga visima hivi: lada, polihedra nzima, poliedrini ya juu ya gradienti, ODV safi, utando, nyukleokapsidi, na sampuli ya viwavi wasioambukizwa. Mpangilio huu peke yake unajibu nusu ya maswali. Bendi inayoongezeka nguvu kadiri sampuli inavyozidi kuwa safi ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kirusi. Inayofifia ni ya taka.

Paka Coomassie. Rangi ya fedha huonyesha hata protini zilizo kidogo sana, lakini michanganyiko yenye glutaraldehaidi huzifunga protini na kuzizuia zisimeng'enywe, kwa hiyo hakikisha unatumia ile inayokubaliana na spektrometa.

10. Kata na umeng'enye. Usikate bendi zinazoonekana tu. Kata kisima chote kuanzia juu hadi chini katika vipande 10 au zaidi, kwa sababu protini chache zisizoonekana kwa rangi nazo ni sehemu ya kirusi. Fanya kila kitu kwa glovu za nitrili, nywele zikiwa zimefunikwa, kwenye meza iliyofutwa.

Katakata kila kipande kuwa vijipande vya milimita 1. Ondoa rangi kwa asetonitrili ya asilimia 50 kwenye bikaboneti ya amonia 50 mM. Weka DTT 10 mM kwa nyuzijoto 56, dakika 30 hadi 45, halafu iodoasetamidi 55 mM gizani kwa dakika 20 hadi 30, iliyotengenezwa saa hiyohiyo. Kausha vijipande kwa asetonitrili mpaka viwe vyeupe na vigumu. Visipokauka havitafyonza kimeng'enya. Ongeza tripsini ya nanogramu 10 kwa kila mikrolita, acha usiku kucha nyuzijoto 37. Asubuhi toa peptidi kwa asetonitrili ya asilimia 50 yenye asidi ya fomiki, safisha kwa kijisafu cha C18 na upeleke.

11. Tafuta kwenye hifadhidata, kisha uchuje. Programu kama MaxQuant hupatikana bure. Ipe faili lenye vitu vitatu pamoja: protini za kirusi, protini za mdudu, na orodha ya taka za kawaida kama keratini, tripsini na albumini. Kosa kubwa ninaloliona kwa wanaoanza ni kuweka protini za kirusi peke yake. Programu haina njia ya kusema "hii ni ya kiwavi" kama hukuiambia kiwavi yupo. Itaing'ang'aniza peptidi ya aktini, protini ya misuli ya kiwavi, kwenye jeni ya kirusi inayoikaribia.

Weka tripsini, ruhusa ya kukosa kukata mara 2, badiliko la kudumu la daltoni (Da) 57.02 kwenye sisteini kutokana na iodoasetamidi, na oksijeni ya ziada kwenye methionini kama badiliko linaloweza kuwepo. Kiwango cha makosa kiwe asilimia 1, kwa peptidi na kwa protini.

Sasa kuchuja. Chukua protini yenye peptidi mbili au zaidi zisizopatikana kwenye protini nyingine, iliyoonekana katika maandalizi mawili kati ya matatu yaliyofanywa tangu mwanzo kila moja peke yake. Kuingiza sampuli moja mara tatu kwenye mashine si maandalizi matatu. Kisha uliza maswali haya: Je, ishara yake inapanda na kushuka pamoja na VP39 katika zile sehemu ulizozipa namba kwenye gradienti? Je, uwiano wake kwa VP39 unabaki palepale au unaongezeka unapotoka kwenye polihedra chafu kwenda kwenye ODV safi? Je, haimo kwenye sampuli ya viwavi wasioambukizwa? Protini inayojibu ndiyo kwa yote matatu ina haki ya kuingia kwenye orodha. Inayojibu ndiyo kwa moja au mawili, iweke pembeni kwenye orodha ya zinazoshukiwa, na uiandike hivyo.

Protini za mdudu usizitupe zote kwa jumla. Nyingi ni taka, lakini chache hufungiwa ndani ya kirusi kweli. Zipime kwa maswali yaleyale mawili ya kwanza.

Ili ujue kama uko kwenye kipimo: uchunguzi wa ODV ya AcMNPV uliochapishwa mwaka 2003 ulitaja protini 44, na wa BV wa mwaka 2010 ulitaja 34 za kirusi. Ukipata arobaini hivi, endelea. Ukipata zaidi ya mia kati ya jeni 150, umekusanya zinazotengenezwa kwenye seli iliyoambukizwa, wala si zinazojenga kirusi.

12. Thibitisha zile unazozijali. Kwa protini mpya, spektrometa peke yake haitoshi. Tengeneza kingamwili, ufanye Western (kuitafuta protini kwa kingamwili baada ya kuitenga kwenye jeli) kwenye utando na nyukleokapsidi. Au tumia kingamwili yenye chembe za dhahabu kwenye hadubini ya elektroni uone imekaa wapi. Njia rahisi zaidi ni kulisha virusi vizima protiasi K, kundi moja bila sabuni na jingine pamoja na NP-40: iliyo nje hupotea kwenye makundi yote mawili, iliyo ndani hupotea pale tu sabuni ilipofungua utando. Tahadhari: kundi la PIF ni gumu kwa protiasi ingawa liko nje, kwa hiyo kutopotea si ushahidi wa kuwa ndani.

Kama kirusi chako ni kidogo

Virusi vya familia ya Dicistroviridae, kama kile cha kupooza nyenje kiitwacho CrPV, havina utando wala fuwele. Ruka hatua za 4, 5 na 8, pamoja na sehemu za hatua ya 3 zinazohusu polihedra. Visafishe kwenye kloraidi ya sizi (CsCl), vitulie kwenye msongamano wa gramu 1.34 hadi 1.39 kwa mililita. Tegemea protini tatu kati ya kilodaltoni 24 na 40, pamoja na ya nne ndogo, VP4, inayotoroka kwa urahisi chini ya jeli. Zote hukatwa kutoka kwenye mnyororo mmoja mrefu, kwa hiyo kazi yako hasa ni kujua mnyororo ulikatwa wapi. Tafuta peptidi ambazo mwanzo wake haukukatwa na tripsini. Mara nyingi huo ndio mwanzo halisi wa protini.

Mambo yakienda mrama

*Bendi moja nene kwenye kilodaltoni 29 hivi, nyingine hafifu.* Poliedrini bado ipo. Rudia gradienti ya hatua ya 6 kwa mzigo mdogo zaidi. Gradienti iliyolemewa haitengi kitu.

*Bendi nyingi ndogo chini, kubwa hazipo.* Protiasi. Rudi hatua ya 4. Kama ulipasha joto na bado hali ni hiyo, angalia kama viwavi uliwavuna wakiwa wamechelewa (hatua ya 2).

*Kisima kimejaa moshi tangu juu hadi chini.* Ni DNA ya kirusi inayoburuta protini. Tumia nyukleasi (kimeng'enya kinachokata DNA) kabla ya kuchemsha, au ikate kwa mawimbi ya sauti.

*Gradienti haina bendi.* Tazama mashapo ya ile 1,000 g baada ya kuyeyusha. Yakiwa meupe na mengi, fuwele hazikuyeyuka: pima pH. Yakiwa hayapo, alikali imekaa muda mrefu mno na virusi vimevunjika.

*P6.9 haionekani.* Hii ni protini inayofunga DNA, ina asidi amino 55 tu na imejaa arginini. Tripsini hukata kila penye arginini au lisini, kwa hiyo huisagasaga kuwa vipande vidogo visivyosomeka, na kwenye jeli ya kawaida hupita chini ikatoka. Endesha jeli ya Trisini na utumie kimeng'enya kingine kama kimotripsini. Kutoonekana kwake usikuite kutokuwepo. Onyo hilohilo linahusu protini ndogo za utando, zenye sehemu chache za kukatwa.

*Uzito wa jeli haulingani na uliokadiriwa.* GP64 ya AcMNPV ina asidi amino 512, makadirio yake ni kilodaltoni 58 hivi, lakini sukari zilizoshikamana nayo huipandisha hadi 64. Ondoa sukari kwa PNGase F uone kama bendi inashuka. Ikiwa bendi ni ndogo kuliko makadirio, huenda protini imekatwa. Angalia kama peptidi zote zinatoka upande mmoja wa mfuatano.

*GP64 imejitokeza kwa nguvu kwenye orodha ya ODV.* Una BV au utando wa seli ndani ya sampuli. Rudia kuosha kwa SDS kwenye hatua ya 3 kabla ya kuamini protini nyingine yoyote ya utando kwenye orodha hiyo.

*Keratini inaongoza orodha.* Ni ngozi, nywele na vumbi. Tupa bafa zote zilizofunguliwa, tengeneza mpya, na uendeshe kipande cha jeli kisicho na sampuli sambamba na vyako ili ujue inaingilia wapi.

*Kirusi hakina jenomu iliyosomwa.* Soma jenomu kwanza. Kutafuta kwa hifadhidata ya jamaa yake hukupa zile zinazofanana tu, kama VP39 na P74, na kukuficha zile za pekee. Bei ya kusoma DNA ya ukubwa huu ni ndogo kuliko ya kurudia spektrometa, na DNA yenyewe unayo tayari kwenye mashapo ya hatua ya 8.